Salamu Zilizohesabiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rula. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada ya takwimu, nikaongeza nyingine hapa Sydney, na kichwa changu kilikuwa kimejaa milinganyo kiasi kwamba nilitarajia kompyuta mpya na chumba chenye dirisha. Profesa aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu pale Kensington, mzee mrefu aliyevaa sweta ileile kiangazi na kipupwe, alinitandazia mezani karatasi zenye grafu, akaweka rula ya mbao juu yake.

"Mwanaidi," akasema, "kila karatasi hapa ni mtu mmoja. Niambie nani amepata nafuu."

"Bila kukokotoa?"

"Tazama kwanza. Watu wakishaanza kukokotoa huwa hawatazami tena."

Nilinuna. Nilijiuliza kama nimesoma miaka yote ile nije kupima mistari kama mtoto wa darasa la tatu. Lakini nilitazama, na jioni nilipokwenda kungoja basi nilikuwa na majibu, na baadhi yalikuwa si sahihi. Profesa hakunicheka. Alinionyesha nilipoteleza: kuna mtu alikuwa ameshaanza kupanda kabla hata hajaguswa na tiba, nami nikaipa tiba sifa ambayo haikuwa yake.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu hawakuwahi kuielewa, na kwenye harusi walinitambulisha kama mhasibu. Watu wengi wanajua majaribio makubwa ya dawa: mamia ya wagonjwa wanagawanywa makundi mawili, hawa wanapewa dawa, wale wanapewa kidonge kitupu, kisha wastani wa makundi unalinganishwa. Sasa mchukue mtu ambaye ubongo wake umeumia kwa namna yake peke yake. Mwenzake wa kumlinganisha naye utamtoa wapi? Basi unamlinganisha na yeye mwenyewe. Unampima mara kwa mara kabla ya tiba, na muda huo tunauita kipindi cha msingi. Kisha tiba inaanza, na wewe unaendelea kumpima vilevile. Mstari ukipanda pale tiba ilipoanza, na si kabla, unalo jambo la kusema. Hilo ndilo jaribio la mtu mmoja.

Ukitaka uhakika zaidi unaweza kuiondoa tiba uone kama mtu anarudi alikokuwa, halafu unairudisha. Lakini si kila kitu kinaondoleka. Mtu uliyemfundisha neno huwezi kumwamuru alisahau ili grafu yako ipendeze. Kwa kazi kama hiyo tulitumia misingi iliyopishana: watu kadhaa wanaanza kupimwa pamoja, lakini tiba inaanza kwa kila mmoja kwa wakati wake, na wakati huo unapangwa kwa kura. Kila mmoja akipanda pale tiba yake inapoanza, hakuna atakayesema ni hali ya hewa.

Ubaya wake ni kwamba lazima awepo mtu anayeangukiwa na kura ya kungoja kuliko wenzake wote. Kwenye karatasi anaonekana kama mstari mrefu wa msingi, na sisi watakwimu tunaupenda mstari mrefu, unatupa nguvu ya hoja. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mstari ule ni mtu amekaa kwenye kochi, anasubiri kusaidiwa.

Profesa alipostaafu nilihamishiwa ofisi ya Blacktown. Mkuu wangu huko alikuwa Meneja wa Huduma, mama mmoja aliyeanzia kwenye uuguzi, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Wiki ya kwanza aliniketisha.

"Grafu zako nzuri sana, love," akasema. "Lakini nikienda wizarani na mtu mmoja aliyepona, watanipa chai na kunisindikiza mlangoni. Niunganishie. Niambie kwa jumla hii kitu inafanya kazi au haifanyi."

Hapo ndipo nilipoingia katika kazi iliyokula maisha yangu yote, kuunganisha matokeo ya majaribio ya watu mmojammoja. Njia ya kwanza tuliyotumia ilikuwa rahisi. Unatafuta kipimo cha juu kabisa katika kipindi cha msingi, kisha unahesabu ni sehemu gani ya vipimo vya kipindi cha tiba imekivuka. Kasoro yake ni mbaya: mtu akibahatika siku moja nzuri wakati wa msingi, siku hiyo inakuwa ukuta, na jitihada zake zote za baadaye zinaonekana si kitu. Tukahamia kwenye ukubwa wa athari, yaani tofauti kati ya vipindi viwili ukiigawa kwa jinsi vipimo vyenyewe vinavyoyumba, ili anayepimwa kwa maneno na anayepimwa kwa kutembea wapande mizani moja. Kisha tukagundua kwamba bado tunajidanganya, kwa sababu vipimo vya mtu mmoja vina undugu. Leo inafanana na jana. Ukivichukulia kama vimetoka kwa watu tofauti unajipa uhakika ambao huna.

Mwisho tulifika kwenye miundo ya ngazi: vipimo viko ndani ya mtu, mtu yuko ndani ya jaribio, majaribio yako ndani ya uchambuzi mmoja. Muundo huo una tabia ya kuwavuta watu kuelekea wastani. Mwenye vipimo vichache, au vinavyoyumba sana, anavutwa zaidi. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba ni kama mzazi mwenye watoto wengi, anayemkadiria yule aliye mbali kwa kuwatazama walio karibu. Ni busara, na mara nyingi inakuweka karibu na ukweli. Niliipenda kazi hiyo, siwezi kusema uongo. Niliipenda hata nikawa mtu wa kuogopwa kwenye mikutano, kwa maana nilikuwa nikisikia neno "wastani" limetumiwa ovyo nainua mkono.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa taasisi moja katikati ya jiji, chini ya Mkurugenzi wa Utafiti. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwerevu, mnyoofu, asiyependa maneno mengi. Nasema haya mapema ili msije mkamgeuza adui. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha uchambuzi huu alipokuwa mwanafunzi, na jambo nililolikazia kuliko yote ni hili: mpango wa uchambuzi unaandikwa na kusajiliwa kabla hujayaona matokeo. Ukishayaona, hugusi kanuni za kuhesabu. Anayezibadilisha baada ya kuona huwa anapata anachokitaka, na hajui kama amejipatia mwenyewe. Nililisema hilo darasani kwa ukali hata wengine walinichukia.

Kazi kubwa tuliyopewa ilihusu watu waliopoteza maneno kwa kiharusi. Wataalamu wa tiba ya usemi walikuwa wakiwatembelea nyumbani, na wizara ilitaka kujua ni nyumba zipi ziendelee kutembelewa. Tulikusanya majaribio kutoka kliniki mbalimbali, kila mgonjwa na msingi wake na tiba yake. Kanuni ya kupima ilikuwa imetungwa mji mwingine, na ilikuwa nyepesi. Mtaalamu anawasha kinasa sauti anapoingia mlangoni, ili yapatikane mazungumzo ya kawaida, na baadaye kila neno linaloeleweka linahesabiwa. Niliisoma. Nilisaini kwamba nimeisoma. Haikunigutusha.

Matokeo ya awali yalikuwa mazuri. Watu walipanda, si wote, lakini kwa jumla walipanda. Tulipowagawa kwa lugha ya nyumbani, nyumba za Kiswahili zilikaa kwenye sifuri. Zilikuwa chache, nyingi za Wakongo wa upande wa Rooty Hill na vitongoji vya jirani, na zote zilikuwa zimelala palepale. Wengine wakasema tatizo ni mkalimani. Wengine wakasema labda tiba haivuki lugha.

Mhakiki wa nje aliuliza nani alirudia kuhesabu kanda za Kiswahili, kwa sababu utaratibu unataka wahesabuji wawili wasiosemezana. Hakukuwa na mtu. Nikapewa mimi, maana ndimi Mswahili pekee wa jengo zima. Nilivaa visikilizi nikaanza na mgonjwa mwenye msingi mrefu kuliko wote. Nilimjua kwa namba tu. Mlango unafunguliwa, viti vinaburutwa, na mara sauti nzito ya mwanamume mzima inasema kwa Kiswahili cha Kongo, bila kigugumizi:

"Karibuni, karibuni sana. Jambo mama. Jambo papa. Habari ya kule mulitoka? Batoto beko muzuri? Tunashukuru Mungu, Mungu ni mwema. Mukae. Mukae, mukae."

Mtaalamu anajibu kwa Kiingereza, mkalimani anajibu kwa Kiswahili, na yule bwana anaanza upya na mkalimani, amsalimie peke yake kama inavyopasa. Halafu mtaalamu anamwonyesha kikombe, anamuuliza hiki nini. Kimya. Anamwonyesha ufunguo. Kimya, na pumzi za mtu anayehangaika.

Niliivua ile mashine masikioni nikakaa. Wataalamu wa usemi wanajua vizuri kwamba salamu, sala na nyimbo hubaki kwa mtu hata maneno mengine yanapomtoka, kwa sababu zinakuja zenyewe, hazitafutwi. Kwenye nyumba ya Kiingereza haidhuru, mgeni anaambiwa neno moja mawili na yamekwisha. Nyumba ya Mswahili haina salamu ya neno moja. Tena mgeni akijulikana anakuja, baba anaogeshwa, anavalishwa shati lenye kola, anakalishwa sebuleni, televisheni inazimwa. Hakuna nyumba yetu inayomwonyesha mgeni taabu yake mlangoni. Zile salamu zote zilikuwa zimehesabiwa kama maneno aliyonayo, na msingi wake ukawa juu sana.

Nikaendelea na kanda za kipindi cha tiba, na hapo ndipo roho iliponiuma. Wiki zilivyopita, yule mtaalamu alikuwa ameshakuwa mtu wa nyumbani. Salamu zilikuwa zinapungua, kama zinavyopungua kwa yeyote anayekuja kila mara. Na mahali pake yalikuwa yanaingia maneno mengine, ya kuvutwa kwa shida, moja moja. "Mvua." "Sukari... hakuna." Siku moja akasema, "Neema... amechelewa," na nyuma nikasikia mwanamke akipiga kigelegele. Jumla ya maneno ilikuwa ileile. Mtu alikuwa anapona, na grafu yake imenyooka kama meza.

Nilihesabu kwa kufuata kanuni, salamu zikiwemo. Hesabu yangu na ya mkalimani, aliyekuwa amehesabu kwanza, zilikubaliana karibu neno kwa neno, na mhakiki akaridhika. Kisha nikaenda kwa Mkurugenzi. Nilimweleza kila kitu, nikamchorea, nikamwekea kanda akasikiliza ingawa hakuelewa lugha. Nikamwambia nikiziondoa salamu, mstari wa huyu bwana unapanda waziwazi, na wa wenzake pia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hili la salamu ulilifikiria kabla ya kuona matokeo, au baada?"

"Baada."

"Basi jibu langu unalijua, Mwanaidi. Ulinipa wewe mwenyewe."

"Hii si kupika matokeo."

"Najua si kupika. Wewe unajua na mimi najua. Lakini mwakani atakuja mwingine na sababu nzuri kama hiyo, ya uongo, nami nitamwambia nini?" Akanisogezea mchoro wangu. "Iweke kama uchambuzi wa ziada. Kwenye kiambatisho."

Nikaiweka kwenye kiambatisho. Niliiandika vizuri kuliko kitu chochote nilichopata kuandika, na jedwali lake, na maelezo. Kwenye ripoti yenyewe ilibaki sentensi inayosema kwamba kwa nyumba za lugha hiyo hakuna athari iliyoonekana. Wizara ilisoma muhtasari. Ziara za nyumba za Kiswahili zikakatwa, fedha zikaelekezwa zilikoonekana kuzaa, na kwenye kikao cha kumaliza mradi tukala keki.

Nilistaafu si muda mrefu baada ya hapo. Niliagwa vizuri, nikapewa saa.

Baadaye kulikuwa na msiba wa Mkongo mmoja tuliyefahamiana, na watu walikutana kwenye ukumbi karibu na stesheni ya Rooty Hill. Nilikuwa nimebeba sufuria ya pilau, naitafuta meza, nikasikia nyuma yangu sauti ikisema, "Karibu, karibu sana. Jambo mama. Habari ya kule mulitoka?" Nusura niimwage. Ilikuwa ile sauti. Alikuwa bwana mrefu ameketi karibu na mlango, shati limepigwa pasi, mkono wa kulia umelala mapajani, anampokea kila anayeingia. Watu walikuwa wakimpita wakisema, huyu mzee hana neno, anaendelea vizuri.

Kanuni za kazi zilinikataza kumtambua, nami sikusema kitu. Lakini mkewe alikaa karibu yangu kwenye kula, tukazoeana kama wanawake wanavyozoeana misibani, na baada ya hapo nikawa napita kwao. Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira kule Kongo, na hapa akafanya kazi ghala moja la Wetherill Park mpaka kiharusi kilipompiga. Wote wanamwita Mwalimu. Mkewe ni Mama Neema, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na binti yao Neema anasomea ualimu.

Siku moja tunachambua maharage, Mama Neema mwenyewe akaanza. "Dada, kulikuwa batu balikuwa banakuya kumufundisha kusema. Bazuri sana. Alianza kusema, vraiment, kweli. Alisema jina ya Neema. Kisha baliacha kuya. Balituma barua tu."

"Walisema kwa nini?"

"Eti haimusaidie." Akatupa jiwe dogo kwenye sahani. "Sasa ile maneno yote imepotea tena. Imebakia tu salamu. Batu banasikia salamu, banasema eko muzuri. Mi ndo ninaishi naye."

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia kwamba nilikuwa nafanya kazi na wale watu, kwamba waliokuja walikuwa wakirekodi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa ofisini kuhesabu. Mikono yake ikasimama.

"Basi wewe ndo ulikuwa unamuhesabu."

"Ndiyo, dada."

Nilikuwa tayari kwa hasira yake. Alinitazama kama mke wa mwalimu anavyomtazama mtu aliyeshika karatasi za mtihani, akauliza kwa sauti ndogo, "Alipata ngapi?"

Miaka yote ile ya kuunganisha watu, na sikuwa na jibu la kumpa mtu mmoja. Nilimweleza habari ya salamu kama nilivyoweza, kwamba Mwalimu alipata, alipata sana, ila tulimpima kwa namna iliyoficha alichopata. Alisikiliza. Hakulia, hakunifukuza. Alisema tu, kwa ile "lakini" yao ya Kifaransa, "Mais ungesema."

Nilisema, lakini nilisemea kwenye kiambatisho. Na hapa ndipo ninapotaka wewe unayeanza kazi hii usome polepole. Sijuti kwamba nilikataa kubadilisha kanuni ya kuhesabu. Mkurugenzi alikuwa sahihi, na ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vilevile. Ninachojuta ni ile sentensi. Tuliandika kwamba hakuna athari iliyoonekana, wakati ukweli ni kwamba kwa nyumba zile hatukuwa na kipimo. Sifuri ni kitu kimoja, na "hatujui" ni kitu kingine kabisa. Kuandika "hatujui" kwenye ukurasa wa kwanza hakukuhitaji kuvunja kanuni yoyote. Kulihitaji mtu wa kung'ang'ania, na mimi niliyekuwa nikiinua mkono kwa kila wastani uliotumika ovyo, siku ile mkono haukuinuka. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa karibu kustaafu, nikajiambia ukweli upo, umechapishwa, anayeutaka atausoma. Hilo linaniuma hadi leo, na sioni dawa yake. Nimeandikia wizara tangu wakati huo. Wamenijibu kwa adabu kwamba mzunguko ule wa fedha umeshafungwa.

Kuhusu njia zenyewe, sitaki mfikiri nimezikana. Zimesaidia watu wengi ambao bila hizo wangebaki hadithi za kliniki. Zinawavuta watu kuelekea wenzao, na kazi ya mtakwimu ni kuuliza kila mara kama huyu anayevutwa alipimwa kitu kilekile walichopimwa wenzake. Mimi sikuuliza kwa wakati.

Sasa nimalizie na jambo lililotokea majuzi, kisha niwaache.

Nilimwambia Mama Neema kwamba zile salamu zinamsitiri Mwalimu, na kwamba kila mgeni anayezijibu anamrudisha palepale. Alifikiri, akasema, "Basi kesho kuya, usimusalimie." Nilikataa. Kuingia nyumbani kwa mtu mzima, mwalimu, mgonjwa, nikae bila kumsalimu? Nililelewa Kariakoo, si porini. Mama Neema akasema mumewe ni wake na ruhusa ametoa yeye.

Nikaenda mchana. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, shati lenye kola. Niliingia, nikampita, nikakaa kwenye kochi kama mtu aliyepanga nyumba ile.

"Karibu, karibu sana," akasema. "Jambo mama."

Nikatazama ukuta.

"Habari ya kule mulitoka?"

Nikaweka mkoba mezani. Uso ulikuwa unaniwaka kwa aibu.

"Batoto beko..." akaanza, akaishia hapo. Hakukuwa na wa kumpokea. Alimgeukia mkewe, mkewe akainama anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Alinirudia mimi. Midomo yake ikaanza kuhangaika, kule kuhangaika nilikokuwa nikikusikia kwenye kanda na sasa nakuona, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilitaka kuinuka nimshike mikono nimwombe radhi. Mama Neema alinikata jicho, nikabaki.

"Wewe," akasema. Akavuta pumzi. "Wewe... mama... ya wapi?"

Sikujibu.

"Toka." Mkono wake wa kushoto ukainuka, ukaonyesha mlango, mkono wa mtu aliyetoa nje ya darasa watoto wengi. "Toka... inje!"

Nikatoka. Nilisimama kwenye ua karibu na mapipa ya taka, machozi yananitiririka, na nyuma yangu dirisha lilikuwa wazi. Neema alikuwa akipiga kelele, "Mum, he's talking! Mum!" na Mama Neema anamnyamazisha, mwache, mwache aseme. Mwalimu alikuwa hajamaliza na mimi. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa kusukumana, mengine yamevunjika, mengine mazima: mama huyu, mbaya, anaingia, hapana salamu, nani alimufundisha. Yalikuwa yake yote, hakuna hata moja aliloliazima kwenye salamu.

Mama Neema alinifuata mlangoni kuniita nirudi ndani. Nilimwashiria hapana. Nilikaa pale nje mpaka Mwalimu aliponyamaza mwenyewe.